Asilimia Mia ya Wodi ya Wazazi

Mashine ya oksijeni ililia mara tatu, ikazima. Pangaboi juu ya vitanda likasita, likasimama. Sista Mogesi aliangalia saa ya ukutani, maana muuguzi huangalia saa hata nyumba ikiwa inaungua. Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini asubuhi.

Mtoto alikuwa na saa tatu tangu azaliwe. Wa kiume, kilo moja na gramu mia tisa, na hadi dakika ile alikuwa anaelekea kupona. Midomo yake ilishaanza kupata rangi. Mama yake, Robi, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeletwa kwa pikipiki kutoka Nyansurura, alikuwa amejilaza kitanda cha pili akimwangalia bila kupepesa macho.

"Vero!" Mogesi aliita. "Mwambie daktari awashe jenereta. Kimbia!"

Veronika, mhudumu wa usafi, alitupa dekio akatoka mbio. Mogesi alichomoa mrija puani mwa mtoto, akamfunika barakoa ndogo, akaanza kumpa hewa kwa mfuko wa mkono. Bonyeza, achia. Bonyeza, achia. Miaka kumi na moja alikuwa katika kituo hiki cha afya cha Gekorongo, na kazi hiyo aliijua vizuri kuliko kupika ugali. Ukizidisha nguvu unapasua mapafu, ukipunguza unajidanganya.

Veronika alirudi akihema. "Halipo, sista."

"Halipo nini?"

"Jenereta. Banda tupu. Limebaki doa la oili tu."

"Na daktari?"

"Wanasema yuko mlimani tangu asubuhi."

Hapo Mogesi alielewa. Ijumaa iliyopita aliona toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, ikipandisha kilima na kitu kikubwa kimefunikwa turubai, akadhani ni karasha, zile mashine za kusagia mawe zilizokuwa zikipita kila siku tangu dhahabu ionekane mwezi wa kwanza. Watu walikuwa wamemiminika. Kuna walioacha ng'ombe zao Nyanungu, kuna walimu walioacha madarasa, na mmoja alikuja na kitanda chake kutoka Machochwe akakitandika pembeni ya shimo. Kisha masika yakaingia, mashimo yale wanayoyaita maduara yakajaa maji, na mwenye duara kubwa kuliko wote, mzee Heche, akahitaji pampu. Pampu inataka umeme. Na mzee Heche, kwa bahati yake njema, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo cha afya.

"Panda huko huko," Mogesi alimwambia Veronika. "Mwambie mzee mtoto anakufa. Mwambie hivyo hivyo, usipambe."

Akabaki peke yake na mfuko wake. Kwenye orodha iliyobandikwa ukutani wodi ya wazazi ilikuwa na wauguzi watatu. Mmoja alihamishwa mwaka uliopita, hakuletwa mwingine. Wa pili, Elieth, aliiweka sare yake mezani mwezi wa pili akaenda kuuza maandazi mlimani. "Maandazi hayafii mtu mikononi," alisema, na siku ile Mogesi alimkasirikia sana. Sasa mkono wa kulia ulipoanza kufa ganzi alihamia wa kushoto, wa kushoto ulipogoma akarudi wa kulia, na hasira ile kwa Elieth hakuiona tena.

Veronika alirudi saa nne na dakika kumi, matope mekundu hadi magotini.

"Amesemaje?"

Veronika alimtazama Robi kwanza, akasogea karibu. "Amesema pampu ikizimwa, maji yanajaa duarani. Amesema kule chini kuna watu kumi na wawili, na huku mtoto ni mmoja."

"Kuna watu chini?"

"Hakuna hata mtu, sista! Wote walikuwa juu, wanakunywa uji. Daktari alikuwa nao. Ameshika kikombe chake."

Mogesi aliendelea kubonyeza. Saa nne na dakika ishirini na tano aliweka vidole viwili kifuani mwa mtoto, akavikalisha hapo. Akasikiliza kwa kipimo. Akabonyeza tena mara kadhaa kwa sababu ya macho ya yule msichana, kisha mkono ukakoma wenyewe.

"Sista," Robi alisema, "mbona umeacha?"

*

Mchana wa siku hiyo hiyo akaja binti wa utafiti. Aliitwa Samira, mtoto wa mzee Abdillah muuza vitambaa wa Mugumu. Alikuwa muuguzi pia, sasa yuko chuo kikuu anaongeza shahada. Alimkuta Mogesi kwenye benchi nje ya wodi.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba."

"Pole na kazi. Nafanya utafiti wa msongo wa kazi kwa wauguzi, na ustawi wao wa kisaikolojia. Lakini kama leo umechoka, naweza..."

"Msongo gani?"

"Yaani yale yanayowaelemea kazini."

"Na nani atasoma?"

"Mimi na mwalimu wangu. Halafu ripoti inakwenda juu. Jina huandiki, sista, unapewa namba. Hakuna atakayejua ni wewe."

Inakwenda juu. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyomfanya aipokee kalamu. Kwa miezi mitatu kila alichosema kilikuwa kinaishia mezani kwa Dokta Athanas, mganga mfawidhi, bwana mkubwa wa kituo. Alipokuta chumba cha watoto njiti kimepangwa mifuko ya mawe ya dhahabu hadi dirishani, mifuko ya Athanas mwenyewe, aliandika kwenye daftari la ripoti. Kesho yake ukurasa haukuwepo. Alipokuta bakuli la chuma la kuwekea mikasi ya kukatia kitovu limechomewa zebaki ya kusafishia dhahabu, kingo zake zinang'aa kifedha, alilibeba mpaka ofisini kwake. "Lioshe, sista," Athanas alimwambia huku akipaka mikono yake dawa ya kuua vijidudu. "Sabuni si ipo?" Mogesi alitoka pale akiona kinyaa hata kwa kitasa cha mlango alichokishika.

Fomu yake ilikuwa namba saba. Umri: arobaini na sita. Jinsia: ke. Mahali pa kazi: wodi ya wazazi. Miaka kazini: kumi na moja. Baada ya hapo yakafuata maswali thelathini, kila moja na visanduku vitano, kuanzia "kamwe" hadi "kila mara". Je, huamka ukiwa bado umechoka? Je, unahisi huna uwezo wa kubadilisha mambo kazini kwako? Je, huwaza matukio ya kazini hata ukiwa nyumbani? Mogesi aliweka vema kwenye kisanduku cha tano, akashuka, akaweka tena cha tano. Hakukuwa na swali la jenereta.

Mwisho kabisa palikuwa na mistari minne na maneno: "Kama una jambo la kuongeza, andika hapa." Mogesi aliandika kama anavyoandika ripoti ya zamu, kwa saa na dakika, maana hakujua kuandika kwa namna nyingine. Saa 2:40 asubuhi umeme umekatika, mashine ya oksijeni imezima. Jenereta la kituo liko duarani kwa mwenyekiti wa kamati, linavuta maji. Saa 2:45 nimeanza hewa ya mkono. Saa 4:25 mtoto amefariki. Hali ya mama kimwili ni nzuri. Chumba cha watoto njiti kina mifuko ya mawe ya mganga mfawidhi. Mistari minne ikaisha, akazungukia pembeni mwa karatasi. Alipofika mwisho mkono ulishaanza kupinda kuweka sahihi, kwa kuwa ripoti isiyo na sahihi si ripoti, akaudaka hapo hapo. Akajipongeza kimoyomoyo kwa kuwa mwerevu.

"Ahsante sana, sista," Samira alisema. Alisoma mistari ya mwisho, uso ukambadilika. Akakunja karatasi haraka. "Hii lazima ifike."

"Jenereta litarudi?"

"Mimi nitaifikisha."

Lakini utaratibu ulikuwa kwamba kila fomu igongwe muhuri wa kituo, kuthibitisha kwamba mtafiti alifika kweli na hakujaza mwenyewe chini ya mti. Athanas, aliyeshuka mlimani saa tisa alasiri, alimwambia Samira kwamba muhuri umefungiwa na ufunguo hana, aache bahasha, aje kesho. Na Samira, mtoto aliyelelewa kutii wakubwa, aliiacha.

*

Wiki tatu baadaye watumishi wote kumi na mmoja waliitwa kwenye banda la kliniki kusikiliza mrejesho. Mogesi alipokuwa akivuka uwanja alisikia mngurumo nyuma ya jengo, akasimama. Alizunguka. Jenereta lilikuwa pale, limetapakaa matope mekundu, linatikisika juu ya matofali mawili, waya wake umeingia dirishani. Jamani! Machozi yalimlenga. Aligusa kifuniko chake cha moto kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyepotea akarudi. Kumbe karatasi ile ilifika kweli.

Ndani, mzee Heche alikuwa amekaa mbele na buti zake za matope. Kila aliyeingia aliinama kidogo. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, marahaba." Athanas alisimama karibu na shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Umeme wa nguzo ulikuwa umekatika tangu jana, alieleza, na bila mzee kulishusha jenereta asubuhi hii, mashine ya picha isingewaka na mgeni wetu angeaibika. Tumpigie mzee makofi.

Walimpigia.

Samira alianza. Sauti yake ilikuwa ndogo, macho yake yalimkwepa Mogesi. Zikaja picha za nguzo za rangi, kila nguzo kitengo chake. Maabara, wenye msongo mkali ni asilimia thelathini na tatu. Wagonjwa wa nje, asilimia arobaini. Dawa, asilimia hamsini. Kisha ikaja nguzo nyekundu iliyopanda hadi juu kabisa ya shuka.

"Wodi ya wazazi," Samira alisoma, "asilimia mia."

"Mia kwa mia!" mtu wa maabara alicheka. "Eh! Nani huyo?"

Vichwa vikageuka. Wodi ya wazazi ilikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amekaa benchi la tatu na mkoba wake mapajani. Samira aliona vichwa vikigeuka, akafuata macho yao, akaachama mdomo. Chuoni walimfundisha kuficha majina. Hawakumfundisha kwamba kuna mahali ambapo asilimia mia ni mwanamke mmoja.

Akaendelea haraka haraka. "Changamoto zilizotajwa na washiriki ni pamoja na upungufu wa nishati mbadala, na ufinyu wa nafasi ya kuhifadhia."

Mogesi aliisikiliza sentensi ile mpaka mwisho, akaanza kumtafuta mtoto ndani yake. Nishati mbadala. Hakuwemo. Nafasi ya kuhifadhia. Hakuwemo. Robi hakuwemo, wala saa moja na dakika arobaini za mkono wake. Akasimama.

"Binti, mbona hujasoma nilichoandika?"

Athanas alitabasamu.

"Sista Mogesi, nani amesema umeandika wewe? Fomu hazina majina. Huu ni utafiti, una siri zake."

"Niliandika jenereta lilikuwa mlimani mtoto wa Robi akafa. Niliandika mawe yako yako chumba cha watoto njiti."

"Taratibu, sista, taratibu." Athanas aliwageukia watumishi kwa huruma. "Ndugu zangu, mnaona wenyewe. Mtu akifika mia hatumlaumu. Ni mgonjwa huyu, ni wa kusaidiwa."

Mzee Heche alikohoa, na Athanas akakaa chini mara moja ili mzee aseme.

"Mimi sikusoma utafiti," Heche alisema bila kuinuka. "Lakini mama huyu amechoka. Mtu aliyechoka huona mambo. Anaweza kuliona jenereta mlimani, wakati jenereta lile pale, linanguruma. Mnalisikia au hamlisikii?"

Watumishi waliinamia viatu vyao.

"Nauliza, mura, mnalisikia?" alimwelekezea kidole kijana wa maabara.

"Tunalisikia, mzee."

"Haya."

Veronika, aliyekuwa nyuma kabisa karibu na ndoo zake, aliinua mkono nusu. Heche alimtazama. Mkono ukashuka taratibu, ukajifanya ulikuwa unarekebisha kilemba. Mogesi aliona na hakumlaumu. Veronika hakuwa na barua ya ajira, alikuwa na ahadi tu, na ahadi yenyewe ilitolewa na kamati.

Athanas alisoma barua aliyokuja nayo tayari mfukoni, imechapwa, imegongwa muhuri ule ule. Kwa kuzingatia matokeo ya utafiti, na ili kulinda ustawi wake wa kisaikolojia, muuguzi Mogesi anaondolewa wodi ya wazazi na kupangiwa chumba cha kadi hadi hapo kiwango chake cha msongo kitakaposhuka. Kisha akaomba watu wote wasimame wafanye zoezi lililoandikwa mwishoni mwa picha za Samira, zoezi la kupunguza msongo.

"Tunavuta hewa," Athanas alisema, amefumba macho. "Moja, mbili, tatu, nne. Tunaachia. Tunavuta..."

Watumishi kumi walivuta hewa na kuachia. Mzee Heche naye alivuta, kitambi kikipanda na kushuka. Mogesi alisimama katikati yao amefunga mdomo.

Nje, Samira alimkimbilia. "Sista, nisamehe. Wallahi sikujua uko peke yako wodini."

"Uliniuliza umri, ukaniuliza miaka kazini. Hukuniuliza tuko wangapi."

"Nitarekebisha. Nitaunganisha vitengo vyote pamoja, usionekane."

"Mimi sikuomba kufichwa, mwanangu," Mogesi alisema. "Na yule mtoto mbona umemficha?"

Samira alianza kulia. Nyuma yao vijana wanne walikuwa wanalibeba jenereta, bado la moto, wakiliweka kwenye toyo na kulifunika turubai. Lilikuwa limewaka kwa muda usiofika saa mbili, kwa ajili ya shuka na nguzo za rangi. Toyo ikanguruma, ikashika njia ya mlimani.

*

Chumba cha kadi kilikuwa na dirisha dogo lenye nondo, na mbele yake wodi ya wazazi, hatua arobaini. Mogesi aliandika majina, umri, kijiji. Wanawake waliofika na uchungu waliinamia dirisha lake wakishika kiuno, naye akawapa kadi. Aliyewapokea kule ng'ambo alikuwa Veronika na glavu zake za njano za kusafishia choo, maana hakuna mwingine. Athanas alisema wauguzi wataletwa. Alisema hivyo mwezi wa tano, akasema tena mwezi wa sita.

Wiki ya kwanza Mogesi alivuka uwanja mara mbili akazalisha. Akapata barua ya pili. Kukaidi ushauri wa kitabibu, barua ilisema, ni dalili mojawapo ya tatizo lenyewe, na akirudia atapelekwa kupimwa akili mkoani. Mogesi alikuwa na watoto wawili sekondari na mama mzee kitandani. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya makadi. Tangu hapo alikuwa akimwita Veronika dirishani na kumwelekeza kwa sauti ya chini, huku akijifanya anampa kadi: mgeuze ubavu, usimvute mtoto, kama kondo la nyuma halijatoka usikamate kitovu. Alijiona mchafu. Alikuwa anafundisha ukunga kupitia nondo.

Mwezi wa saba Athanas aligawa fomu upya, safari hii yeye mwenyewe. Wageni wa mradi mmoja wa ustawi wa watumishi walikuwa wanakuja, na mradi huo ulikuwa na cheti. Fomu ya Mogesi aliipokea akiwa amesimama mbele yake, akaipitia, akampa nyingine. "Umekosea visanduku, sista. Jaza vizuri tu. Sasa hivi si uko chumba cha kadi? Kadi zinakupa msongo gani?"

Alijaza. Kamwe. Kamwe. Kamwe. Kila vema aliloweka lilimnuka.

Siku ya wageni alifika Waisiko wa Machochwe, mimba ya nne, chupa imepasuka tangu alfajiri, maji ya kijani. Mogesi alipoona ile kijani kwenye kanga, ishara ya mtoto aliyechoka tumboni, kalamu ilisimama.

"Huyu ni wa hospitali kubwa," alimwambia mume aliyemleta. "Sasa hivi."

"Gari la wagonjwa wamesema liko mlimani, sista. Limepeleka mafuta."

"Pikipiki?"

"Ametapika njia nzima. Hawezi tena."

Alimpa Waisiko kadi. Alimwita Veronika, akamwambia yote aliyoweza kumwambia kwa pumzi moja, akamsukumia glavu safi alizokuwa ameficha kwenye mkoba. Hapo hapo akaja mjumbe: watumishi wote bandani, wageni wameshakaa. Kila mmoja alivishwa fulana nyeupe mlangoni. Kifuani iliandikwa: "Hapa Kazi Haina Msongo." Mogesi aliivaa juu ya sare.

Kulikuwa na soda, maua ya plastiki na spika mbili. Mzee Heche alikuwa mbele, safari hii na viatu vya ngozi. Athanas alishika kipaza sauti.

"Waheshimiwa wageni, mwezi wa nne kituo hiki kilikuwa na kitengo kimoja kibaya mno. Sikitaji." Watu walicheka. "Kitengo hicho kilikuwa na msongo asilimia mia. Mia! Tukaingilia kati mapema. Leo nasimama mbele yenu nikiwa na furaha kubwa. Wodi ya wazazi, watumishi wenye msongo ni sifuri!"

Makofi yalipigwa. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, aliinua mkono. "Hongereni. Wodi hiyo sasa ina wauguzi wangapi?"

Spika zikakoroma, zikakata. Umeme ulikuwa umeondoka. Athanas alicheka, akatikisa kipaza sauti, akafanya ishara kwamba hasikiki, na watu wakapiga makofi tena kumsaidia. Mama mwenye miwani akacheka naye, akashusha mkono. Cheti kikaanza kutolewa kwenye bahasha.

Veronika alitokea mlango wa pembeni, mikono yake imejaa damu hadi kwenye viwiko. Hakumtazama daktari. Alimtafuta Mogesi.

"Sista. Mtoto ametoka. Halii."

"Vero," Athanas alisema kwa upole, akiangalia wageni, "hebu subiri nje kidogo, tunamalizia."

Mogesi hakumbuki alivyopita katikati ya mabenchi. Soda ya mtu ilianguka. Alivuka zile hatua arobaini kwa kukimbia, akaingia wodini, na mtoto wa kike alikuwa juu ya meza, mzito, mzuri, wa bluu. Waisiko alikuwa ameinua shingo. Mogesi alifuta mdomo wa mtoto, akavuta uchafu wa kijani kwa balbu ya mpira ya kunyonyea, akaunyoosha mkono kwenye mashine ya oksijeni na kubonyeza swichi. Akabonyeza tena. Kisha akachukua mfuko, akaweka barakoa, akaanza. Bonyeza, achia. Bonyeza, achia. Kutoka kilimani ulisikika mngurumo wa jenereta, haukatiki, na kutoka bandani sauti ya mpiga picha ikiwaomba watu wasogeane.

Aliangalia saa ya ukutani. Saa tano na dakika kumi.

Veronika alikuwa amesimama mlangoni, ameshavua ndala na kuzishika mkononi.

"Niende mlimani, sista?"